Njia ya Makere

Tulikuwa watatu garini: mfanyabiashara wa mchele akaaye Kahama, mwenye gari, mfuga nyuki ambaye hakupata kuhama, na mimi, mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu. Sote tu wazawa wa Makere, na sote tumevuka miaka arobaini. Mwezi wa Juni tuliondoka Kibondo alfajiri kwenda Kasulu, bila ya haja nyingine ila kuiona tena nchi iliyotulea.

Zamani njia hii ilikuwa ya udongo mwekundu, na lori likipita lilimwachia mwenda kwa miguu vumbi la kutosha kumgeuza rangi. Sasa wajenzi wa lami wamevichonga vilima, na safari ya kutwa imekuwa ya saa chache. Miyombo ingalipo kando ya njia, na mizinga ya magogo ingali imelazwa matawini. Mfuga nyuki aliisoma mizinga ile kama mimi nisomavyo vitabu: huu una wenyewe, ule umehamwa.

Mvugwe tulisimama kuutazama Malagarasi. Mto huu una tabia ya ajabu. Huzaliwa katika milima ya mpakani mwa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, wala hauliendei. Hushika kaskazini na mashariki, hugeuka kusini mpaka kwenye mabwawa makubwa, kisha magharibi, hata ukaingia katika ziwa lile lile baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 475. Mimi nami nilikuwa na neno la kumwambia mfuga nyuki, na kwa miaka zaidi ya thelathini nimelizungusha vivyo hivyo.

Katika shule tuliyosoma, ambayo sina haja ya kuitaja, aliyesikiwa akisema Kiha alivikwa kibao shingoni. Hakukivua mpaka amnase mwenzake, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Watoto wa Wales walivikwa kibao cha namna hiyo katika karne ya 19. Ujinga nao husafiri. Siku moja kilinifika mimi. Rafiki yangu alikuwa na kidonda cha kidole cha mguu. Nilimkanyaga makusudi. Mtu halii kwa lugha aliyofundishwa. Alimwita mama yake kwa Kiha, nami nikamvika kibao. Mwaka ule nilipewa zawadi ya Kiswahili.

Tuliipita njia iendayo Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo na ambayo baadaye iliwapokea Warundi wengi. Tulipofika Makere, bibi mmoja muuza ndizi alituamkia: "Mwakeye." Wenzangu waliitika, wakaulizana naye habari za nyumbani na za mashamba. Mimi, mwenye shahada ya udaktari wa lugha, nilisema, "Shikamoo, bibi." Alinitazama kama mgeni, akanitajia bei kwa Kiswahili.

Hapo ndipo nilipolisema. Mfuga nyuki alimenya ndizi yake mpaka mwisho.

"Nilijua siku ile ile, bwana," akasema. "Ulitazama chini kabla ya kukanyaga. Lakini wewe hukupata kuniuliza kibao kile nilimpa nani."

Nikamwuliza.

"Dada yako mdogo. Nilimkuta kisimani akijiimbia peke yake. Alikuwa darasa la kwanza."

Mwenye gari akatia moto, nasi hatukusema tena mpaka Kasulu. Niliyapitisha moyoni mambo yote niliyoyajua juu ya dada yangu: unyamavu wake, ambao nyumbani tuliuita adabu, na kwamba sikumbuki kumsikia akiimba, hata arusini mwake.

Usiku nilimpigia simu. Alipopokea, nilimwamkia kwa Kiha, kwa maneno niliyokuwa nimeyajaribu peke yangu chumbani. Alikaa kimya kidogo.

"Marahaba, kaka," akasema. "Kuna msiba?"