Inzi Wetu wa Enternati

Mnalijua lile shimo la nyuma ya jikoni ya enternati ya masista, hapa kwetu Katoto. Kila siku wapishi walimwaga mule maganda ya mihogo, vijiti vya sombe na mabaki ya bukari. Wakati wa mvua harufu ilifika mpaka darasani, inzi wakajaa kwenye sahani, watoto wetu wakaharisha. Tulinyamaza muda mrefu. Nani atamwendea Sista na habari za takataka?

Siku tulipokwenda, tulimwambia tunataka kufuga inzi. Alicheka, kisha akakasirika: “Wamama, hawa tulio nao hawatoshi?” Tukamweleza kwamba huyu ni mwingine, mweusi, mrefu kidogo, unaweza kusema ni nyigu. Akikomaa hazunguki kwenye vyakula vya watu. Anataga, na baada ya siku chache anakufa. Mlaji ni funza wake. Kule Nairobi, Kenya, watafiti wa icipe wanafundisha wafugaji kazi hiyo. Na sisi tunaokula viwavi kila mwaka, tuogope funza wa kuku?

Sista alikubali mapipa mawili tu, tena mbali na chumba cha kulia.

Tulitia maganda yaliyoanza kuoza, juu yake tukafunga vipande vya katoni vyenye matundu. Inzi walikuja wenyewe kutaga humo, na baada ya siku kama 4 mayai yakatotoa. Lakini pipa la kwanza lilikufa lote, tusifiche. Tulimwaga mabaki pamoja na maji ya sahani, funza wakazama, na harufu ikawa mbaya kuliko ya shimo. Aibu yake! Sasa tunakamua kila kitu, tunachanganya na pumba za mahindi, na mapipa yako chini ya paa.

Wiki mbili hivi zikipita, funza wamenona. Tunawatia katika maji ya moto, tunawaanika, kuku wanawagombania. Masalio tunapeleka kwenye lengalenga. Shimo bado lipo, maana mifupa na plastiki funza hawali, ila halijai upesi kama zamani.

Vakansi ya Pasaka inakaribia. Jikoni itafungwa, na funza watakosa chakula. Mama mwenye maganda nyumbani ayalete asubuhi, bila mifuko.