Andika Kwanza, Ubane Baadaye

Kitale, Trans Nzoia
Januari 2026

Mpwa wangu mpendwa,

  

Ulipopiga simu kutoka Bungoma baada ya Krismasi ulisema mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na tarehe kumi ikifika hujui umekwenda wapi. Ukaniuliza upunguze nini. Mimi ni khocha wako, mjomba niliyekuvisha luliki, ule ukanda wa nyama, shingoni siku ya tohara yako, kwa hivyo nakujibu bila kuzunguka: usipunguze kitu bado. Andika kwanza. Anayeanza kwa kubana hubana kilicho karibu na mkono, ndiyo maana watoto hunyimwa sukari huku pesa nyingi zikipitia mlango mwingine ambao hakuna aliyeuangalia.

Anza na kinachoingia. Mwalimu kama wewe hali mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira. Kabla haujafika benki, bima ya afya ya SHIF imechukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu kuna kodi ya mapato, pensheni na mkopo wa Sacco. Panga maisha kwa ile nambari ya mwisho chini kabisa ya hati ya mshahara.

Kisha nunua daftari la kawaida la shule. Chora safu tatu: tarehe, kitu, kiasi. Kila jioni baada ya chakula, keti na mkeo mwandike kilichotoka siku hiyo, chako na chake. Usiandike “dukani 200”, maana duka si kitu. Andika sukari nusu, sabuni, mafuta ya kupima. Tuseme siku ya Jumanne inasomeka hivi: maziwa 60, boda ya Kanduyi 50, mafuta ya kupima 50, tokeni za stima 200, mchango wa matanga 500. Jumla 860. Ukiitazama siku hiyo utaona mchango peke yake umeshinda vitu vingine vyote vikijumlishwa, na bado jioni hiyo ungeweza kugombana na mama watoto juu ya maziwa.

Sisemi uache kuchanga. Aliyefiwa ni wako, na kesho ni zamu yako. Lakini ukishaona kwa mwezi mzima michango imekula kiasi gani, unaweza kuiwekea kiwango chake. Kikiisha, unasema kwa heshima kwamba mwezi huu nimefika mwisho, unaenda matangani kwa miguu yako, unabeba viti na kuchota maji. Watu wetu wanaelewa hilo kuliko unavyodhani.

Utaniambia siku hizi simu inaandika yote. Ni kweli, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 pesa zetu nyingi zinaacha alama. Piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako, uilinganishe na daftari kila mwisho wa mwezi. Taarifa hiyo itakuonyesha hata ada za kutuma, kila moja kwenye mstari wake, na ukizijumlisha utashtuka. Lakini simu inajua pesa zimekwenda kwa nani, haijui zimekwenda kwa nini. Ukilipa duka moja shilingi 700, simu haiwezi kukuambia kama ilikuwa unga au soda za wageni.

Jambo moja ambalo taarifa hiyo inalionyesha wazi ni Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha. Tangu ije mwaka 2019 imewaokoa wengi njiani, sikatai. Lakini ina ada ya asilimia 1 unapoichukua, na deni lisipokuwa dogo sana kuna ada ya kila siku mpaka umalize kulipa. Pesa yoyote ikiingia kwenye simu, deni hujikata kwanza. Kwa hivyo ukitoa mshahara benki kuupeleka kwenye simu, sehemu yake ni ya mwezi uliopita. Ipe Fuliza ukurasa wake, uandike kila mara ulipoichukua na sababu. Sababu ikijirudia mara tatu, hiyo si dharura tena. Ni matumizi ya kawaida ambayo hukuyapangia.

Hapo ndipo penye uzito wa barua hii. Nyumba nyingi za huku kwetu huangushwa na mambo yanayojulikana tarehe zake. Karo ya Januari inajulikana. Mbegu na mbolea za Machi zinajulikana, hata hiyo mbolea ya ruzuku ya bodi ya nafaka, NCPB, haitolewi bure. Na sisi Wabukusu tunatahiri Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Hakuna baba anayeweza kusema tohara ilimjia ghafla. Mwanao anaingia Agosti hii. Tuseme umepanga shilingi 42,000 za nafaka, kuku na wageni. Umebakiwa na mishahara 7, yaani 6,000 kila mwezi. Ungeanza baada ya tohara ya Agosti 2024, isingefika 2,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kurasa za nyuma za daftari ziwe za mwaka mzima: andika kila jambo kubwa, mwezi wake, na kiasi cha kuweka kwenye Sacco kuanzia sasa.

Mahindi ya shamba lako la Chwele nayo ni pesa, yaandike vilevile. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili. Kama nyumba yako inakula gorogoro moja kwa siku, gunia ni mwezi mmoja na nusu, na mwaka mzima ni zaidi ya magunia 8. Hesabu hayo kwanza, ndipo uuze ziada. Anayeuza yote Januari ili alipe karo huyanunua tena Juni kwa gorogoro, wakati bei imepanda, na hapo ndipo Fuliza inapoanza.

Mwisho, daftari lisiwe mahakama ya mkeo. Andika na zako za chai ya mapumziko na za kuwanunulia marafiki soda. Asiyeandika yake hana haki ya kukagua za mwenzake. Fanyeni hivyo miezi mitatu bila kukata kitu, kisha keti naye muamue pamoja kipi kipungue. Ukija Pasaka, njoo na daftari tulisome pamoja. Anza leo jioni, usingoje mshahara ujao.

Ni mimi khocha wako.