Kibao Kile Kilikuwa Chako, Dereva

Mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, na ndani yake kuna chuma. Baridi ya Juni ikianza huku Mafinga, chuma hicho hunipa habari kabla ya redio. Wanaonijua tangu zamani hunisalimu "Kamwene", kisha macho yao hushuka kuangalia ninavyokanyaga. Sioni haya. Namshukuru Mungu kwamba nakanyaga, na ushuhuda huu nautoa kwa kila anayepita barabarani, hasa mwenye usukani.

Nilikuwa mshika bendera kwenye barabara kuu ya TANZAM, hii inayotoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, mpakani na Zambia. Malori ya mafuta na makontena ya Zambia na Kongo hupita huku usiku na mchana. Lami ikichoka hukatwa, panachimbwa, panajazwa kifusi na kushindiliwa, kisha inamwagwa lami mpya. Wakati huo upande mmoja unafungwa na magari yanapita kwa zamu. Zamu hiyo iko mikononi mwa watu wawili, mmoja kila mwisho wa eneo la kazi, wenye bendera nyekundu na ya kijani, filimbi na kizibao kinachong'aa. Kati ya mshika bendera na lori la tani zaidi ya hamsini hakuna ukuta. Kuna koni tu, na utii wa dereva.

Watu hudhani ni kazi ya kusimama. Fomeni wangu alinifundisha nisitazame uso wa dereva, maana uso unaweza kukuchekea huku mguu umekandamiza mafuta. Nitazame pua ya gari. Gari linaloshika breki huinamisha pua. Lisiloinama, ondoka njiani, puliza filimbi, wenzako wakimbie. Elimu hiyo ndiyo iliyoniacha hai.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye misonobari. Nilikuwa nimeshasimamisha malori, yamepanga mstari, madereva wamezima injini na matingo wameshuka kunyoosha miguu. Gari dogo likachomoka nyuma ya foleni, likaanza kuyapita malori yale yaliyosimama, taa zimewaka, pua iko juu. Nilipuliza filimbi na kurukia pembeni. Wenzangu shimoni walisikia, wakatoka. Mimi sikufika mbali. Lilifyeka koni, likanipiga paja kwa ubavu wake, likatumbukia kwenye shimo tulilolichimba jana yake.

Nililala juu ya kokoto nikaona kitenge cha bluu kimening'inia kwenye mlango wa nyuma wa lile gari. Alikuwa mama wa makamo, abiria, na tuliambiwa baadaye kwamba alikuwa akiwahi msiba. Alifia palepale. Dereva alitoka na mikwaruzo. Sisi wa sururu, sepetu na bendera hatukupoteza mtu. Aliyekufa alikuwa amekaa kwenye kiti, ndani ya gari, akiamini yuko salama kuliko sisi.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Kile kibao cha pembetatu chenye picha ya mtu na sepetu, madereva wengi hukisoma kama ombi la huruma: wahurumieni vibarua. Siyo. Kinamwambia dereva kwamba mbele yake barabara imepungua, kuna shimo, kuna kifusi, kuna rola linalotembea polepole, na gari linalokuja linatumia upande wake. Baadaye, nilipoanza kuwaelimisha madereva, mtaalamu mmoja wa usalama barabarani alinieleza kwamba Marekani wana wiki maalumu ya jambo hili kila Aprili tangu mwaka 2000. Pamoja na vifaa vyao vyote, kwa miaka ya karibuni hufa watu zaidi ya 800 kwa mwaka kwenye maeneo ya ujenzi wa barabara, na takribani wanne kati ya kila watano ni madereva na abiria. Nilimkumbuka yule mama.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Nilitiwa chuma, nikarudi nyumbani na magongo. Wifi yangu alichukua wanangu wawili. Fedha za VICOBA nilizokuwa nimekopa kwa ajili ya miche ya parachichi zikaliwa na dawa na nauli. Nilipouliza habari ya fidia nikaambiwa sina mkataba wa maandishi, mimi ni kibarua wa kutwa, jina langu halimo. Sikuwa hata na nguvu ya kugombana. Usiku honi ya lori ikilia barabara kuu nilikuwa nashtuka nimekaa kitandani, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Aliyenivusha ni fomeni. Alikuja na daftari lake la mahudhurio, limetapakaa vumbi na alama za vidole vya lami, jina langu limeandikwa kila asubuhi kwa peni ya bluu, pamoja na asubuhi ile. Akasema twende nalo. Kumbe tangu mwaka 2008 kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko wake upo, ila kibarua asiyejua haki yake hurudi nyumbani na kilema chake kimya kimya. Ilichukua muda, nenda rudi, lete hiki, lete kile. Haki yangu niliipata. Vibarua wenzangu, mkisoma haya: hakikisheni majina yenu yanaandikwa kila siku, na mjue daftari linakaa wapi.

Nilipoweza kutembea sikurudi kushika bendera. Nilianza kwenda stendi na vijiwe vya bodaboda, na Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika askari wa usalama barabarani hunipa nafasi ya kusema. Huko nimejifunza kwamba dereva wetu si kiziwi wa alama. Lori likiharibika mlimani, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani, na kila dereva akiyaona hupunguza mwendo bila kuamrishwa. Anayaamini kwa sababu hayajawahi kumdanganya. Kibao cha ujenzi kimemdanganya mara nyingi: kazi imekwisha wiki tatu zilizopita, kibao bado kimesimama. Wakandarasi, hilo ni lenu. Kazi ikiisha, ng'oeni kibao. Ikiendelea, msiache kifusi gizani bila taa wala kiakisi. Na sisi wananchi tuna letu: vibao vya chuma vinaibwa vikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na koni hugeuka kiti cha mtoto uani. Anayeing'oa alama ile hajui nani wa kwao atapita usiku huo.

Jambo jingine madereva wanalolijua sana ni kupeana taa. Trafiki akiwa amejificha kwenye kona, magari yanayotoka huko huwawashia wenzao taa kwa ukarimu mkubwa, na mwendo unashuka kilomita nzima kabla. Nawaambia: fanyeni hivyo hivyo mkitoka kwenye eneo la ujenzi. Mnaokoleana faini, okoaneni na uhai.

Dereva mmoja mzee wa malori alinipinga stendi, akasema kweli tupu: "Mwanangu, mnatuchelewesha, na bosi ananipigia simu kila saa." Nilimjibu kwamba foleni ya zamu inachosha na sina la kuitetea, isipokuwa kwamba bila zamu magari mawili yangekutana uso kwa uso kwenye njia moja. Lakini kuhusu mwendo, tukapiga hesabu pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria kwa lori na basi, gari hukimbia mita 22 kila sekunde, na dereva huhitaji sekunde moja au zaidi kabla mguu haujafika kwenye breki. Ukipunguza mpaka 40, umbali wa kusimama baada ya kushika breki hubaki kama robo. Na gharama yake? Eneo la ujenzi la kilomita moja utalipita kwa sekunde 90 badala ya 45.

Alinyamaza, akahesabu tena kwa vidole. Nikamwambia: "Mzee wangu, hakuna bosi anayepiga simu kuulizia sekunde 45. Simu hupigwa gari lisipofika."