Kutoka Singe, nauli hukatwa vipande vipande

Reli haijafika Manyara. Singe, moja ya kata za Mji wa Babati, haina filimbi ya treni alfajiri. Kuna bodaboda zinazowashwa, bajaji zinazosubiri abiria wa kujaza kiti, na mama wenye ndoo za maziwa wanaotaka kufika sokoni kabla jua halijapanda Mlima Kwaraa. Wagorowa, Wairaqw na Warangi wanaishi hapa pamoja, mahindi na mbaazi ziko mlangoni, na hesabu inayosumbua nyumba nyingi ni ileile: nauli.

Chukua mama mwenye kibarua mjini siku tatu kwa wiki. Hana mshahara wa kila siku, lakini nauli haimsubiri apate mshahara. Siku nyingine anapanda bodaboda hadi barabarani, anashuka, kisha anapanda chombo kingine hadi mjini. Kila akishuka na kupanda, analipa upya.

Hapo ndipo wengi hupoteza bila kujua. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, daladala ya mjini isiyozidi kilomita 10 ni Sh600, na ya kilomita 11 hadi 15 ni Sh700. Safari ya kilomita 12 kwa gari moja ni Sh700. Ukiikata mara mbili, ni Sh1,200. Kwa siku tatu, kwenda na kurudi, tofauti ni Sh3,000 kwa wiki, karibu Sh12,000 kwa mwezi. Penye gari la moja kwa moja, ni heri kulisubiri dakika kumi. Mwanafunzi analipa Sh200 kwa daladala, lakini kiwango hicho hakimfuati kwenye bodaboda, na mzazi anayempakia mtoto pikipiki kila asubuhi kwa sababu ya kuchelewa kuamka anakilipia usingizi huo.

Uingereza mambo ni kinyume. Huko nauli za treni hupangwa kituo kwa kituo, kwa hiyo abiria anaweza kununua tiketi mbili kwa safari moja, moja hadi katikati na nyingine kutoka hapo, akalipa pungufu ya tiketi moja nzima bila hata kushuka. Tangu 2021 pia kuna tiketi kwa wanaokwenda kazini siku chache: siku 8 za safari ndani ya siku 28. Singe haina tiketi ya namna hiyo, ila watu wamejitungia yao. Majirani watatu wenye siku zinazofanana wanapatana na dereva mmoja wa bajaji, wanamlipa kwa wiki, na yeye anajua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ana abiria wa uhakika. Dereva hupunguza kwa sababu na yeye amepunguziwa kuzunguka bure.

Lakini safari inayouma zaidi ni ya hospitali. Mtoto mwenye selimundu, moyo au figo akipewa rufaa ya mbali, nauli hailipwi mara moja. Inarudi kila kliniki, na ni ya watu wawili, mtoto na wa kumshika mkono. Mzazi akiikosa nauli mara moja, dawa hukatika, na maumivu ambayo yangezuilika nyumbani yanamrudisha mtoto wodini. Ndiyo maana hesabu ya njia ni sehemu ya matibabu, sawasawa na hesabu ya vidonge.

Barabara ya lami ya kilomita 251 kati ya Dodoma na Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, imeibadilisha hesabu hiyo. Kwa basi la kawaida, kiwango cha Desemba 2023 ni Sh48.47 kwa kilomita, yaani zaidi kidogo ya Sh12,000 hadi Dodoma. Kwa wenye rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, safari imekwisha hapo.

Wa Muhimbili wanaendelea, na ndipo wanapokutana na reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar es Salaam ilipangwa Sh31,000. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, Sh15,500, na aliye chini ya miaka 4 hasafiri kwa kulipa. Kuikata Morogoro hakusaidii kitu, maana nauli inapigwa kwa kilomita: kutoka Morogoro hadi Dar ni Sh13,000 na kilichobaki unakilipia vilevile.

Tusidanganyane: basi na treni pamoja havishindi basi peke yake kwa bei ya tiketi. Mwenye kusafiri peke yake na mfuko mwembamba, basi bado ni lake. Faida ya treni iko kwingine. Inafikia katikati ya Dar, jirani na Kariakoo, na Muhimbili haiko mbali na hapo. Basi la mkoani linaishia Mbezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na mtoto aliyechoka anaanza safari nyingine ya foleni. Ukijumlisha usafiri wa ndani, chakula, na usiku mmoja wa gesti ambao treni inaweza kukuondolea, pengo la tiketi hupungua, wakati mwingine hufutika. Hata hivyo kumbuka kipande cha Dodoma: stendi ya mabasi ya Nanenane na stesheni ya treni haviko pamoja. Weka akiba ya bajaji na ya muda, kwa sababu treni haimsubiri abiria wa basi lililopata pancha Kondoa.

Kabla ya yote hayo, liko swali la kumwuliza daktari siku ya rufaa: je, kliniki zote lazima zifanyike huko mbali, au baadhi, kama kuchukua dawa na vipimo vya damu, zinaweza kufanyika Babati, na safari ya Dar ikabaki mara moja kwa miezi kadhaa? Mzazi mwenye watoto wawili wa kliniki moja aombe waandikiwe tarehe moja. Na daftari la kliniki liwekwe pamoja na tiketi, mfuko mmoja, begi la mkononi, siyo buti ya basi.