Maziwe, Kisiwa Kilichobaki Fungu

Huenda umekwisha kusikia kwamba wageni hutoka Ulaya kwa ndege ili waje kuchungulia chini ya maji ya Pangani. Usiwacheke kabla hujachungulia wewe. Mimi ni mtu wa Mkwaja, nimekula samaki wa bahari hii tangu utoto, lakini sikuwa nimewaona nyumbani kwao mpaka kaskazi iliyopita, nilipokwenda Maziwe na shemeji yangu.

Maziwe ipo mbele ya Ushongo, kiasi cha kilomita 8. Usitazamie minazi wala nyumba. Ni fungu la mchanga mweupe, nalo huonekana maji yakipwa. Yakijaa, huoni kitu ila bahari. Kwa hiyo mwenye saa ni nahodha, si wewe.

Wazee wetu hawakuikuta hivyo. Kilikuwa kisiwa chenye msitu wa mivinje, na kasa wa namna tatu walipanda usiku kutaga. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975. Lakini miti ilikatwa, na mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Kufika mwanzo wa miaka ya 1980 mawimbi yalikuwa yamekimaliza. Wako wataalamu wanaotaja pia mikondo ya maji. Kasa hawakupewa habari hiyo! Hata sasa hurudi kutaga pale pale, katika mchanga utakaofunikwa na maji. Ndipo watu huyachukua mayai yale na kuyafukia upya pwani ya Ushongo, wakangoja kama miezi miwili hata vitoto vitoke na kutambaa kwenda baharini. Kiota kimoja huweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Mtu wa kuyahamisha yote juani bila kugeuza hata moja, huyo apewe heshima yake.

Basi, tulipewa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia. Uma mrija, lala kifudifudi, pumua taratibu. Kwanza utakunywa maji ya chumvi, usikasirike. Kisha utaona vitatange vya manjano wakipita wawili wawili, na pono, yule tunayemkaanga, akitafuna matumbawe kwa mdomo wake mgumu, ukitulia unamsikia. Nilisahau hata mgongo wangu unaungua.

Mahali pengine matumbawe yalikuwa yamevunjika kama kokoto za barabarani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua mengi katika pwani yetu, lakini joto halipasui. Nilipomwuliza nahodha alijibu neno moja: baruti.

Shemeji yangu ni mvuvi, naye alinung'unika njia nzima ya kurudi. "Shemeji, mgeni aruhusiwe kutazama, mimi nikatazwe kuvua?" Sikumdharau, maana ana watoto watano. Nilimwambia kwamba samaki hawajui mpaka: wakizaana pale kwa amani, wengine watatoka na kuja mpaka kwetu. Alitazama maji kwa muda, kisha akasema ataniamini siku dema lake litakapojaa.