Rununu Moja Garissa

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2019, nilipovuka Mto Tana kuingia Garissa kwa mazoezi ya kufundisha, niliiamini methali hiyo kupita kiasi. Nilijiona tabibu wa Kiswahili katika eneo ambalo lugha ya kwanza ya wanafunzi wengi ni Kisomali. Nililijua pia jeraha la mji huo: shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika chuo kikuu, lililoua watu 148, na walimu wengi wageni waliolihama eneo la Kaskazini Mashariki kwa kuhofia usalama wao. Kila mwalimu mpya alitazamwa kwa swali moja: je, huyu naye atakaa?

Katika juma la kwanza, msichana wa kidato cha pili alisimama akasema, "Na mimi bia, mwalimu." Alikusudia "pia". Kicheko kikanitoka. Nilicheka peke yangu, kwa sababu wenzake hawakusikia kosa lolote. Aliketi, na kwa majuma mawili hakufungua kinywa darasani.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha katika madaftari yangu ya fonetiki. Kisomali hakina sauti /p/. Msemaji wake huikimbilia /b/. Somo hilo nililifaulu chuoni. Somo la tarakilishi nililifaulu vilevile: nilijua kupiga chapa na kuandaa slaidi. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba masomo hayo mawili yangeweza kukutana. Na hata kama ningejua, tarakilishi za shule zilikuwa zimefungiwa chumbani. Mkononi nilikuwa na rununu yangu tu.

Mwalimu mmoja mwenyeji, mtu mzima, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia kuwa katika miaka ya 1970 na 1980 tungo za washairi wa Kisomali zilisafiri mbali kwa kanda za kaseti. "Watu hawa ni wa sikio, mwalimu," akasema. "Wasikilizishe."

Basi nikawaomba wanafunzi wasikilize ngano kwa nyanya zao, waisimulie kwa Kiswahili, na kujirekodi kwa zamu. Waliyasikiliza maneno kama "pata" na "bata" kwa sauti zao wenyewe, wakajisahihisha. Yule msichana aliichukua rununu akaenda chini ya mwarobaini. Alisimulia habari za Dhegdheer, yule zimwi wa kike mwenye sikio refu. Alirekodi mara nne. Katika mara ya nne, "porini" ilitoka barabara. Nami nilipolitamka jina la Dhegdheer, yeye ndiye aliyecheka. Nilistahili.

Sidai kwamba nilitenda muujiza. Wapo walioendelea kusema "bia" hadi siku ya kuagana. Dai langu ni dogo: mwalimu mtarajiwa wa lugha asifundishwe mashine peke yake na fonetiki peke yake. Apewe kazi ya kurekodi, kusikiliza na kulinganisha sauti za Kiswahili na za lugha ya wenyeji, kwa chombo chochote alicho nacho, kabla hajasimama mbele ya mtoto wa mtu. Kama ningefanya hivyo, kicheko kile kisingenitoka.

Muhula ulipokwisha nilivuka Tana tena, nikaondoka. Rekodi nilimwachia yule mwalimu katika kadi ndogo ya kuhifadhia. Swali la Garissa nililijibu kama wengine: sikukaa. Mgeni ndiye aliyepona.