Unasafisha Zote?

Siku ya kumi na tisa baada ya sherehe, shangazi wa bi harusi alibisha mlango wangu Sinza saa moja asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yalikuwa mezani, kwenye laptopu.

“Mwanangu, kama picha zimeungua tuambie tu. Tumeshalia kwa mengine.”

Hazikuwa zimeungua. Zilikuwepo zote 1,840, na mimi nilikuwa nimemaliza 212.

Ilikuwa kicheni pati yangu ya kwanza ya malipo. Shughuli ile ni ya wanawake watupu, mpiga picha mwanamume haingii, ndiyo maana hata mwanagenzi kama mimi alipata kazi. Wiki moja kabla, mtu aliyenitangulia kwenye fani alinishauri niachane na JPEG nipige faili ghafi, zile ambazo menyu ya kamera huziita RAW. Ushauri ulikuwa mzuri. JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 hubeba 16,384. Taa za ukumbi ule zilikuwa za zambarau, zimefungwa na mtu asiyependa sura za watu, na kama si faili ghafi uso wa bi harusi ungebaki humo humo. Ila mshauri wangu alisahau kunitajia gharama.

Faili ghafi bado haijawa picha. Kila kitundu cha kihisi cha kamera huona rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na ni kazi ya programu kukisia mbili zinazokosekana kwa kuchungulia vitundu vya jirani. Kamera yangu ina vitundu milioni 24. Laptopu ilikuwa ya mtumba, ramu GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka. Picha moja ilichukua sekunde 14 kufunguka. Nilipima kwa saa ya simu. Zidisha kwa 1,840 uone: saa saba na ushee za kutazama kiduara kinazunguka, hapo sijagusa kitu. Betri nayo ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika, na ulikatika sana mwezi ule, ambacho sijahifadhi kinaondoka nao.

Nami nilikuwa nafungua ya kwanza, naihangaikia mpaka iive, ndipo naenda ya pili. Ningeweza kupoteza dakika kumi kwenye picha, kuja kuikuza nikakuta bi harusi amefumba macho. Nikanunua mtandaoni mipangilio ya rangi iliyokwisha andaliwa, shilingi elfu kumi, unabonyeza mara moja basi. Nikabonyeza. Mashangazi wote wakawa rangi ya papai.

Asubuhi ile shangazi aliondoka na picha 212 kwenye flashi. Baki ya malipo, laki mbili na nusu, ikaondoka naye. Nilifunga mlango nikalia.

Aliyenitoa shimoni hajui kompyuta. Ni mzee wa mtaani kwetu, alikuwa na studio Kariakoo enzi za filamu. Nilimsimulia yote, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Binti, unasafisha zote?”

Nikamwambia ndiyo, zote.

Akacheka mpaka akakohoa. Wao, filamu ya picha 36 ikishatiwa dawa, waliichapa yote kwenye karatasi moja, vipicha vidogo saizi ya negativu. Wakavipitia kwa kioo cha kukuzia, penseli nyekundu mkononi. Kilichopata alama ndicho kilichosafishwa kikubwa. “Karatasi ilikuwa pesa,” akasema. Mimi sikuwa nanunua karatasi, ndiyo maana sikuona ninachochoma.

Nikaenda kuitafuta karatasi yake ndani ya kompyuta, nikaikuta. Ndani ya kila faili ghafi kamera huweka JPEG, ile ile unayoiona kwenye kioo cha nyuma ukishapiga. Programu ikikuonyesha hiyo badala ya kupika faili zima, picha inatokea papo hapo. Natumia darktable, ambayo ni ya bure. Pale pa kuchagulia, herufi R ni kutupa, namba 1 hadi 5 ni nyota. Mzunguko wa kwanza natupa tu: macho yaliyofumba, ukungu, mgongo wa mhudumu wa vinywaji. Mwanga na rangi siruhusu mkono uviguse. Kazi iliyofuata ilikuwa na picha 1,300. Baada ya saa moja na nusu zilibaki 290.

Na hizo sikuzisafisha moja moja. Sherehe nzima ina taa nne au tano tu: mlangoni, mezani, jukwaani, kwenye zawadi. Nasafisha moja ya kila taa kwa utulivu, nanakili mabadiliko yake, nabandika kwa wenzake wote, halafu narudi kwa zile kaidi. Siku hizi naanza kazi hiyo ukumbini kabla wageni hawajafika. Mwanzoni nilitandaza kitambaa cheupe cha meza chini ya taa za jukwaa, nikakipiga picha. Nyumbani niliionyesha programu kitambaa kile kwamba hapa ni peupe, na kundi zima likatulia. (Kadi ya kijivu ni bora zaidi. Nilipoipata nilirudisha vitambaa vya watu.)

Baadaye fundi alinifungia diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka na kuongeza ramu ikawa GB 8. Sekunde 14 zikawa tano, sibishi. Ila ningeanzia kwa fundi, ningekuwa nasafisha migongo ya wahudumu kwa kasi zaidi.

Mwaka jana shangazi yule akapiga simu. Mdogo wake bi harusi anaolewa, na safari hii atalipa baada ya kuona picha, si kabla. Nikakubali. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumanne jioni nikampelekea flashi, picha 310. Alizitazama zote kwenye televisheni akiwa amesimama, mkoba begani, kama mtu anayepita tu. Akahesabu pesa, akanikabidhi.

“Na zile za dada yake zilizobaki?”

Bado ninazo kwenye diski ya nje. Usiku ule nikaichomeka, nikaweka kidole juu ya R.